Miwani Iliyozima Simu

Mdogo wangu huendesha teksi ya kuitwa kwa simu hapa Nairobi. Majuzi alinunua miwani ya jua kwa shilingi 500 kutoka kwa mchuuzi wa barabara ya Tom Mboya. Mchuuzi alikuwa na kadi ndogo ya kijivu. "Boss, itazame hivi hivi kwanza. Unaona nini?" Hakuona kitu. "Sasa vaa miwani." Akavaa, na samaki akajitokeza katikati ya kadi. "Hiyo ndiyo polaraizi, boss. Inazuia UV yote. Hata jua lenyewe ukitaka kulitazama, litazame."

Kesho yake, akiwa Kangemi, simu ikamzimikia. Alikuwa ameilaza kwa ubavu kwenye kishikizi juu ya dashibodi, ramani iko wazi, na ghafla akaona giza tupu. Akaigusa, akaibonyeza, wapi. Alipovua miwani afute jasho, ramani ikawa pale pale ilipokuwa. Mteja alikuwa ameshaghairi safari.

Jioni alifika nyumbani akiapa kwamba ameuziwa feki. Nikamwambia kinyume chake: simu kuzima ndiko kunakothibitisha kwamba mchuuzi alisema kweli juu ya jambo moja. La pili, kuhusu UV, ile mionzi ya jua isiyoonekana, halikuthibitishwa na ile kadi hata kidogo. La tatu, la kulitazama jua, linaweza kumpofusha. Mabishano yaliyozuka pale sebuleni, na majirani wawili wakajiunga, ndiyo yaliyonifanya niandike haya.

Maneno matatu kwanza. Mwanga ukigonga kitu ukarudi, tunasema umeakisiwa. Ukiingia ndani ya kitu kingine ukabadili mwelekeo, umepinda. Na mawimbi yake yakibaki yanatikisika upande mmoja tu, umepangwa. Hili la tatu ndilo linaloitwa polaraizesheni, ambalo wachuuzi wamelifupisha kuwa "polaraizi". Mawili ya kwanza tunayaona kila siku. La tatu liko mbele ya macho yetu kila siku pia, ila macho ya binadamu hayalitambui.

Mgeni wa mlango wa mbele

Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na katika hewa tulivu hunyooka kama uzi uliovutwa. Jicho huupokea tu, halirushi chochote. Hoja hiyo ilielezwa kwa kina na Ibn al-Haytham, mwanazuoni mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo yapata miaka 1,000 iliyopita, lakini hadi leo utasikia mtu akisema kwamba macho ya paka hutoa mwanga usiku. Nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga wa tochi yako. Izime tochi kwenye giza totoro, na hayo macho yatazima nayo.

Jicho linapopokea mwanga, halina habari ya njia uliyopitia. Linajua tu ulikoingilia. Ni kama mgeni anayebisha mlango wa mbele: wewe uliye ndani unadhani ametoka barabarani moja kwa moja, kumbe alipitia kwa jirani kwanza. Ukilishika hilo, mazingaombwe mengi ya mwanga yanakwisha. Uso wako ndani ya kioo, dimbwi lisilokuwapo barabarani, bwawa linaloonekana fupi, yote ni mgeni aliyezunguka.

Kuruka

Upige mpira kwenye sakafu laini ya saruji, utaruka kwa pembe ile ile uliyojia nayo. Upige kwenye kokoto, utaruka ovyo. Mwanga nao ni hivyo. Kioo, maji matulivu na rangi ya gari iliyopigwa polishi huurudisha kwa mpangilio, ndiyo maana unaona sura humo. Ukuta, karatasi na lami kavu huutawanya kila upande, ndiyo maana unauona ukuta kutoka popote ulipo chumbani.

Hapo ndipo penye jibu la jambo linalowatesa madereva wa jiji hili kila msimu wa mvua. Kwa nini usiku wa mvua mistari ya barabara hupotea hata taa za gari zikiwa nzima? Lami kavu ni kokoto: mwanga wa taa zako hutawanyika, na sehemu yake hukurudia machoni. Ikilowa, maji hujaza mabonde yake madogo na kuigeuza sakafu laini. Mwanga wako unaruka kwenda mbele na kukuacha. Wakati huo huo mwanga wa gari linalokujia unaruka kwenye lami ile ile na kukuvamia wewe. Taa hazijaharibika wala macho hayajazeeka. Punguza mwendo, kwa sababu kweli huoni.

Jaketi ya reflekta ya mwendesha bodaboda imetengenezwa iwe dawa ya tatizo hilo hilo. Katika ile mistari yake mna shanga ndogo mno za kioo, au vipande vya plastiki vyenye pembe maalumu, vinavyorudisha mwanga kule kule ulikotoka, haidhuru umekuja kwa pembe gani. Taa ni zako, na mng'ao unakurudia wewe. Jaketi iliyochakaa au iliyojaa tope hupoteza uwezo huo, hata ile rangi yake ya kijani kali ikiwa bado inapendeza mchana.

Tena kiasi cha mwanga kinachoruka hutegemea pembe. Ukitazama bwawa kutoka juu kabisa, maji hurudisha karibu asilimia 2 tu ya mwanga, mengine yote huingia. Ukilitazama kwa ulalo mkali, karibu wote unaruka. Kwa hiyo ukisimama ukingoni unaona chini ya maji miguuni pako, lakini upande wa ng'ambo unaona mawingu.

Kupinda

Nenda soko la Marikiti siku ya mvua umtazame hamali akivuta mkokoteni. Ukitoka kwenye lami na kuingia topeni kwa mshazari, gurudumu moja huingia kwanza na kupunguza mwendo, huku lenzake likiendelea kukimbia juu ya lami. Mkokoteni unageuka wenyewe. Ukiingia topeni ukiwa umenyooka, magurudumu yote mawili hupunguza mwendo pamoja na hakuna kugeuka.

Mwanga ni mkokoteni huo. Majini mwendo wake hushuka hadi karibu kilomita 225,000 kwa sekunde, na ndani ya kioo cha kawaida hadi karibu 200,000. Ukiingia kwa mshazari, unapinda. Weka sarafu ndani ya karai, rudi nyuma mpaka ukingo wa karai uifiche, kisha mwambie mtoto amimine maji polepole. Sarafu itaibuka, na hakuna aliyeigusa. Mwanga wake ulipinda ulipotoka majini ukakufikia, na ubongo wako ukaamini umekuja kwa mstari mnyoofu.

Hapa naomba nisikike vizuri. Kwa sababu hiyo hiyo, maji yaliyotulia huonekana na kina cha takriban robo tatu tu ya kina chake. Maji ya mita 2, ukiyatazama kutoka juu, yanaonekana ya mita 1.5, na ukiyatazama kwa ulalo huonekana mafupi zaidi. Pembezoni mwa Nairobi kuna machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi ambayo hujaa maji wakati wa mvua, na watoto huvutwa nayo. Mtoto anayesema "pale nasimama" hasemi uongo. Macho yake ndiyo yamemdanganya. Asiruhusiwe kuingia kwa kukisia, na mtu mzima asikisie kwa niaba yake.

Hewa pia hupinda mwanga. Katikati ya mchana wa jua kali kwenye barabara ya Mombasa, unaona mbele yako dimbwi linalokimbia kila unapolikaribia. Haya ndiyo mazigazi. Hewa iliyogusa lami imepata moto na kuwa nyepesi, kwa hiyo mwanga unaoshuka kutoka angani hupindishwa juu kabla haujafika chini. Lile "dimbwi" ni kipande cha mbingu. Wapo wanaosema mazigazi ni njozi ya mtu aliyechoka au mwenye kiu, lakini simu yako itayapiga picha bila shida, na simu haina kiu. Vivyo hivyo jua linapogusa upeo wa macho jioni, kwa hesabu ya mstari mnyoofu limeshazama. Hewa inakupindishia mwanga wake kwa takriban dakika 2 zaidi.

Upinde wa mvua una kupinda na kuruka kwa pamoja. Mwanga huingia kwenye tone, hupinda, huruka ukuta wa nyuma wa tone, na hupinda tena ukitoka. Kila rangi hupinda kwa kiasi chake, ndiyo maana hutengana, na nyekundu hukaa nje, digrii 42 kutoka sehemu iliyo kinyume kabisa na jua. Kwa hiyo jua lazima liwe mgongoni mwako, na lisiwe juu sana. Kwetu hapa karibu na ikweta, ukiwa umesimama kwenye ardhi tambarare, usiutafute upinde kuanzia karibu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, hata mvua na jua vikija pamoja, kwani jua limepanda mno. Ni kitu cha asubuhi na jioni.

Na lile duara kubwa linalolizunguka jua mara moja moja, ambalo picha zake hujaa kwenye makundi ya WhatsApp zikiwa na maneno ya kutisha? Ni barafu. Mawingu membamba ya juu sana yana vipande vya barafu vyenye pande sita, navyo hupinda mwanga kwa takriban digrii 22, karibu upana wa shubiri yako ukinyoosha mkono. Nairobi yenyewe inaweza kuwa na joto, huko juu ni baridi kali. Ukitaka kulitazama, ufiche uso wa jua nyuma ya jengo au mlingoti.

Kupangwa

Sasa tuingie kwenye lililomsumbua mdogo wangu.

Funga kamba ya kuruka kwenye mti, ipitishe katikati ya nondo za grili ya dirisha zilizosimama wima, kisha uitikise. Ukiitikisa juu na chini, wimbi linapita. Ukiitikisa kushoto na kulia, wimbi linagonga nondo na kufa. Mwanga wa jua ni kama kamba nyingi mno zinazotikiswa kila upande kwa wakati mmoja. Lenzi ya polaraizi ni grili: huruhusu mtikisiko wa upande mmoja na kuuzuia ule wa upande mwingine. Jicho lenyewe halina grili, kwa hiyo kwetu sisi mwanga uliopangwa na usiopangwa ni mamoja.

Ni nani huupanga mwanga kabla haujafika kwenye miwani? Kuruka. Mwanga ukiruka juu ya maji, kioo au lami iliyolowa, ule unaotikisika sambamba na uso wa kitu hicho hurudi kwa wingi kuliko mwingine. Kwa maji kuna pembe moja, digrii 53 kutoka wima, ambapo mwanga unaoruka huwa umepangwa wote. Pembe hiyo ina jina la Mskochi David Brewster, aliyeitolea kanuni mwaka 1815. Hapa kwetu jua hufika huko karibu na saa tatu asubuhi, na tena karibu na saa kumi jioni.

Barabara na madimbwi yamelala, kwa hiyo mng'ao wake hutikisika kwa ulalo. Miwani ya polaraizi imekatwa ili izuie ulalo na kupitisha wima. Mng'ao unakufa, na shimo la barabarani lililojaa maji linaonekana. Hiyo ndiyo faida yake halisi, na kwa dereva wa Nairobi si ndogo.

Ila ina mipaka, na mipaka yake ndiyo watu huikosa. Mwanga unaotoka kwa jua moja kwa moja haujapangwa. Mtu anayeishi magharibi ya jiji, tuseme Kangemi au Kikuyu, hukabiliana na jua usoni akienda mjini asubuhi, na usoni tena akirudi jioni, ilhali wa Umoja na Donholm hulipa mgongo mara zote mbili. Kwa jua hilo la usoni, miwani ya polaraizi haina ujuzi zaidi ya miwani yoyote nyeusi. Mng'ao wa chuma kitupu nao haupangiki sana.

Halafu kuna maghorofa ya vioo ya Upper Hill na Westlands. Vioo hivyo vimesimama. Mwanga unaoruka kando kutoka kwao hutikisika wima, na wima ndiko miwani inakopitisha. Ukisikia mtu akilalamika kwamba miwani yake "inafanya kazi barabarani lakini kwa ghorofa imeshindwa", usimcheke. Mwambie alaze kichwa begani aone mng'ao ukififia. Jambo lenyewe liligunduliwa hivyo hivyo: mwaka 1808, jijini Paris, Mfaransa Étienne-Louis Malus alitazama jua la jioni likiakisiwa na madirisha ya jumba la Luxembourg kupitia fuwele fulani, na alipoizungusha fuwele akaona mng'ao ukibadilika. Yeye ndiye aliyelipa jambo hilo jina la polaraizesheni.

Na simu? Skrini nyingi za simu na laptopu, hata za kikokotoo cha dukani na za pampu ya mafuta, hutoa mwanga ambao tayari umepangwa, kwa sababu zina grili yake ndani. Simu ikisimama, grili yake na ya miwani zinaweza kuelewana. Ukiilaza, zinapishana, na mwanga unazuiwa. Ndicho kilichompata mdogo wangu. Yale madoadoa yanayoonekana kwenye vioo vya madirisha ya pembeni na ya nyuma ya magari ukivaa miwani hii hayana ubaya pia. Kioo hicho kiliimarishwa kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla, na alama za mkazo ule hufichuka mwanga ukiwa umepangwa.

Watoto wataifurahia hii zaidi. Fungua ukurasa mweupe kwenye laptopu, vaa miwani, laza kichwa mpaka skrini iwe nyeusi, kisha uweke mbele yake rula ya plastiki angavu ya shule. Rula itajaa rangi. Ni mkazo ule ule, uliobaki ndani ya plastiki tangu kiwandani.

Kabla hujanunua

Kadi ya mchuuzi hupima polaraizesheni, basi. Haisemi lolote kuhusu urujuanimno, ile mionzi tunayoiita UV. Kinachozuia UV ni kemikali na aina ya plastiki ya lenzi, na lenzi nyeupe kabisa inaweza kuizuia vizuri, ilhali nyeusi tii ikaipitisha. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa gizani mboni hupanuka na kukaribisha mionzi mingi. Tafuta maandishi ya UV400, yanayomaanisha lenzi inazuia mawimbi yote mafupi hadi nanomita 400. Na kwa kuwa kibandiko mtu yeyote anaweza kukibandika, maduka mengi ya miwani yana kifaa cha kupimia. Omba wakupimie. Shirika la Afya Duniani linasema UV huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, nasi tuko ikweta, karibu mita 1,700 juu ya bahari. Mionzi hii huchangia mtoto wa jicho, kwa hiyo kati ya UV400 na polaraizi, ukipata fedha za moja tu, chukua UV400.

Kulitazama jua kwa miwani ya polaraizi, hapana kabisa. Grili nzuri kupita zote bado hupitisha karibu nusu ya mwanga usiopangwa, na hata lenzi ikiongezewa weusi haitoshi. Sehemu ya nyuma ya jicho huungua bila maumivu, kwa hiyo hutajua mpaka umechelewa. Nalisisitiza kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027 kutakuwa na kupatwa kwa jua, na sisi Kenya tutaona mwezi ukilifunika kwa sehemu. Wachuuzi watakuwa na kadi zao mkononi siku hiyo. Kinachofaa ni vichujio vilivyotengenezwa mahususi kwa kutazama jua, au kutoboa tundu kwenye boksi na kuitazama picha ya jua ikianguka kwenye karatasi, jua likiwa mgongoni.

Kuna jambo moja nililomwonyesha mdogo wangu kabla hatujayamaliza mabishano. Kesho yake saa moja asubuhi tulitoka nje, jua likiwa chini mashariki. Nikamwambia avae miwani, atazame utosini pa anga, kisha ajizungushe taratibu. Ukanda wa samawati ukaingia weusi, ukarudi, ukaingia tena. Hewa nayo huupanga mwanga inapoutawanya, hasa upande ulio digrii 90 kutoka kwa jua. Nyuki huliona hilo bila miwani, na hata wingu likilifunika jua, kipande kidogo cha anga wazi kinatosha kuwaonyesha njia ya mzingani. Mwanasayansi Karl von Frisch aliwachunguza nyuki miaka mingi, na mwaka 1973 alitunukiwa pamoja na wenzake wawili Tuzo ya Nobel kwa kazi yao kuhusu tabia za wanyama.

Akazunguka mara tatu nne hivi, mdomo wazi. Kisha akaingia garini, akaisimamisha simu wima kwenye kishikizi, akaelekea mjini kuipimisha miwani.